Nimepewa saa moja kila jioni redioni nizungumzie maisha ya hapa kwetu, wiki ya tatu nishaishiwa. Nisaidieni

MTOTO WA NG'AMBO (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, rika zangu mambo vipi.

Mi mkazi wa Pangani, ile ya Tanga pale mto unapoingia baharini, siyo Pangani ya Nairobi maana kuna mtu alishanichanganya humu. Najitolea kwenye redio ya jamii. Mwanzo nilikuwa nakaa kwenye miksa tu napiga miziki, sasa dada aliyekuwa anashika jioni kaolewa kahamia Handeni, msimamizi wa vipindi akaniita akasema kuanzia jumatatu saa kumi na mbili mpaka saa moja ni yako, kipindi ni maisha ya hapa kwetu. Nikauliza maisha gani, akanijibu kwani we hujazaliwa hapa? Ndo ikawa imeisha hivyo.

Wiki ya kwanza nilitamba asikwambie mtu. Jumatatu nikapiga stori ya Boma, lile jengo la zamani hapa mjini, ile ya watu kuzikwa wazima kwenye nguzo. Jumanne Abushiri na Wajerumani, vita ya 1888 mpaka aliponyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889. Jumatano kisiwa cha Maziwe, kilivyokuwa na mivinje na kasa wanapanda kutaga mpaka bahari ikala miti yote pakabaki fungu la mchanga. Alhamisi nikampiga Bi Shakila Said wa taarabu jioni nzima, si mzaliwa wa hapa bana. Ijumaa kaswida.

Wiki ya pili nikaita maafisa. Wa afya, wa mifugo, wa uvuvi, kila mmoja kaja na karatasi kasoma mpaka mwisho kakunja kasema asante. Wiki hii ya tatu nakaa mbele ya maiki nasoma magazeti ya juzi afu nazibia na singeli. Jana nimefungua laini za simu robo saa nzima, kapiga mtu mmoja, mama yangu mzazi, anauliza nikirudi nipitie unga. Na ilienda hewani.

Naombeni mawazo kwa waliowahi kufanya redio za sehemu ndogo kama hizi, au hata msikilizaji tu, kitu gani ukikisikia unasema leo sizimi? Bajeti hakuna, nauli ya pikipiki mwenyewe, nina rekoda moja ndogo na simu.

MSTAAFU WA MAIKI

Marahaba kijana. Nimekaa redio za mikoani muda mrefu, sitasema wapi, ila kusini huko.

Hebu soma tena ulichoandika. Boma, Abushiri, Maziwe. Hivyo vyote ni vya kumsimulia mgeni. Mtu wa Pangani habari ya nguzo za Boma kaisikia toka yupo mgongoni kwa mama yake, we unamwambia nini kipya? Umegeuka mtembeza watalii kwenye nyumba za watu walewale waliokuzaa. Sisemi historia mbaya, sema haikai kwa kujisomea, mpaka upate mzee aseme babu yake alikuwa amesimama wapi siku hiyo na mzee mwingine apige simu abishe.

Redio ya mji mdogo inashikwa na mambo matatu, sisi tulikuwa tunayaita M tatu. Maji, mnada na msiba.

Maji, yaani bahari inajaa saa ngapi na inatoka saa ngapi kesho. Pwani yote hii kila kitu kinakwenda na maji, mvuvi, mchokoa pweza, mwenye mashua ya mkaa, hata fundi anayetaka kupiga rangi chombo. Wakubwa wanajua kwa kuhesabu mwezi lakini vijana wengi siku hizi hawajui na wanaona aibu kuuliza. Bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa kwenye saa kumi na kutoka kwenye saa nne, afu kila siku inasogea mbele kama dakika hamsini, wiki ikipita unaingia maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, mambo yamegeuka. Chukua jedwali la bandari ya Tanga soma kila jioni, haimalizi hata dakika moja. Utaona watu wanavyoanza kufungulia redio kwa ajili ya dakika hiyo moja.

Mnada, samaki leo wameuzwaje. Nenda pale wanaposhusha, simama na rekoda yako usimhoji mtu, acha mnadi anadi. Sauti yake peke yake ni kipindi.

Msiba ndo mzito na ndo ulionifundisha adabu. Toka enzi za Radio Tanzania watu wazima walikuwa wananyamazisha nyumba nzima kusikiliza matangazo ya vifo, sababu ndo njia pekee ya kujua shangazi kafariki Kigoma. Sasa na mimi siku moja kaja kijana mbio, mzee fulani kafariki mazishi kesho saa saba, anatoa jina na kijiji, nikasoma. Kumbe kijiji kile wenye jina lile wawili, na aliye hai alikuwa kakaa barazani na redio mapajani anasikiliza kifo chake. Watoto wake walioko mbali wakaanza kukata tiketi. Asubuhi mzee kaja stesheni na kanzu, fimbo mkononi, hakugomba, kakaa kwenye benchi akasema nimekuja unitazame. Hiyo sentensi nimeishi nayo mpaka leo. Kuanzia siku hiyo tangazo la msiba bila karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji na namba ya mfiwa nikaipigia mwenyewe, sisomi, hata uje unalia.

Wageni rasmi wenye makaratasi wapunguze. Akija afisa karatasi ibaki mapokezi.

KUNGURU WA ZANZIBAR

Redio?? Mwaka huu?? Mkuu watu wote wapo WhatsApp, kila mtaa una grupu, msiba ukitokea saa hiyohiyo unajua na picha ya jeneza unaletewa. We fungua ukurasa piga video weka huko, redio waachie wazee.

NAHODHA BILA CHOMBO

@Kunguru we hujawahi kulala baharini ndo maana. Mi natokea Kipumbwi, ukishatoka nje kule mtandao unakata, bando linakusaidia nini? Kuna karedio kadogo kale ka betri na sehemu ya fleshi, kanafungwa kwa mpira kwenye mlingoti au kanaingia kwenye dumu lililokatwa lisipate maji, usiku mzima kanaongea huku mmewasha taa mnangoja dagaa. Simu mnaweka kwenye nailoni mnaificha, nani ataichezea na mikono ya samaki.

Mwanzisha uzi, nakuomba kitu kimoja cha wavuvi. Wale wa hali ya hewa wakitoa angalizo wanasema upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, baadhi ya maeneo ya pwani, mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara pamoja na Unguja na Pemba. Sasa hiyo ni pwani yote ya Tanzania! Mvuvi anauliza ni leo au kesho, ni kusi au ni matlai tu ya asubuhi itakayotulia, mwenye ngalawa na mwenye boti ya injini wote wasitoke au vipi? Usisome kama ilivyo. Isome, afu mpigie mzee mmoja wa bahari muulize hii kwa hapa kwetu ina maana gani. Mwezi wa 5 mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilivyokuja waliotii walitii sababu kuna mtu waliyemjua aliwaambia kwa lugha yao, siyo sababu ya kilomita kwa saa. Ila angalizo lenyewe usilipunguze makali, mzee akisema ni upepo wa kawaida we sema mamlaka imesema hivi na mzee kasema hivi, mtu na roho yake.

Na hizo singeli usiku zibaki, zinatuzuia kusinzia.

BINT MAKUNDUCHI

Asalaam aleikum. Mie si mtangazaji ila nimewahi kuchangia kipindi cha akina mama huku kwetu Unguja, ntakwambia nilichokiona.

Kwanza kaka yangu hizo simu ulizofungua ilikuwa saa ngapi? Maana kipindi chako kinaanza saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili na nusu hiyo ni Magharibi. Wanaume wote wamo msikitini, wanawake ama wanasali ama wanapika, ulitaka apige nani? Si kwamba hawakupendi. Hebu sogeza simu mwisho, watu wakishasalimu, na katikati hapo weka kitu ambacho mtu anakisikiliza huku anafanya yake.

Pili, jioni redio ni ya mwanamke. Iko juu ya kabati ama dirishani jikoni, yeye mikono imejaa tui la nazi hawezi kushika simu wala kubadilisha stesheni, ndio msikilizaji wako mwaminifu huyo. Sasa muulize yeye anataka kusikia nini. Huku kwetu tulikwenda na rekoda mpaka kwenye mwani, bamvua maji yametoka, wanawake wamo maji magotini wanafunga mwani kwenye kamba. Yule mtangazaji kijana akaanza, "mama una maoni gani kuhusu sekta ya mwani?" Mama wa watu kanyamaza. Nikamwambia hebu nipe hiyo rekoda. Nikamuuliza, leo umetoka nyumbani ulikula nini? Basi wallahi alizungumza hadi maji yakaanza kurudi, kuhusu mtoto wa skuli aliyemwacha na chai ya rangi, kuhusu ule mwani mnene wenye bei, ule wa cottonii, siku hizi maji yakiwa moto unaoza wamebaki na spinosum usio na pesa, kuhusu upele wa mikononi, kuhusu mumewe. La mume tulilikata.

Na hilo ndilo la tatu. Mji mdogo kila mtu anajuana, ukisema "mama mmoja wa mtaa wa msikiti mbuyuni ana watoto sita" umeshamtaja. Mwenzangu aliwahi kueleza hewani habari ya mkopo wa kikundi, hakutaja jina hata moja, jioni ile ile watu wakajua nani hajalipa, kikundi kikavunjika na wale wawili mpaka leo hawaendeani harusini. Kabla hujarusha mrudie mtu umsikilizishe sauti yake, akikwambia toa, toa. Hata kama ndio pahala pazuri.

MWANZISHA UZI — MTOTO WA NG'AMBO

Dah @Bint Makunduchi, nimeangalia, nilifungua simu saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Yaani mimi mwenyewe mwislamu na sikufikiria. Mama kapiga sababu yeye alikuwa kashasali.

@Mstaafu hiyo ya "nimekuja unitazame" imenikaa.

@Kunguru grupu la mtaa wetu lina watu 200 na kitu na kila siku ni picha za asubuhi njema na maua, msiba ukipostiwa umeshafunikwa. Ila hoja yako nimeichukua kwa upande wa kurudia kipindi, maana kuna watu wa hapa wako nje.

WA MATRAH

Mimi mmoja wao. Niko Muscat, mama yangu wa huko. Tafadhali mkiweka kwenye intaneti msiweke matangazo ya kuanzia na mziki mkubwa, wekeni hiyo ya mnada ambayo mzee kaisema. Nataka kusikia tu watu wanaongea. Nikisikia mtu anasema "hebu nipishe we" kwa sauti ya kule nafurahi kuliko taarifa yoyote ya habari. Hapa Waswahili wazee wako wengi na nyumbani Kiswahili bado, watasikiliza.

SHELA BOY

Jamani mimi wa Lamu, nakubaliana na huyo wa Muscat. Tatizo letu sisi watu wa pwani ukimpa mtu maiki anageuka mtu wa mjini. Anaanza "mpenzi msikilizaji popote pale ulipo", wapi popote, redio yenyewe haivuki kisiwa cha pili! Kwetu nyumbani maji twasema mai, njoo twasema ndoo, sasa kijana akiingia studio anasema kama anasoma habari Nairobi, bibi yake mwenyewe akimsikia hamjui ni nani. Ongea vile ungeongea barazani. Huko kwenu kuna Wabondei, Wazigua na watu wa mwambao, kila mmoja anasema vyake, waache waseme, mnaelewana sokoni kila siku mtashindwa kuelewana redioni?

Jambo la pili ni la pesa. Hapa Kenya redio ya jamii ya kwanza ilikuwa Homa Bay 1982, UNESCO ikasaidia, 1984 ikafungwa. Sababu zake ndefu ila funzo nililobaki nalo mimi ni kwamba kitu kikiwa cha wafadhili na cha serikali, siku wakubwa wakikichoka wenye mji hawana la kusema. Kwa hiyo wewe tafuta muuza duka la nyavu, mwenye mashine ya kukoboa, mama wa maandazi, kila mmoja atoe kidogo atajwe. Kidogo kidogo wakiwa wengi hakuna mmoja wa kukuamrisha useme nini.

MKULIMA WA JUU YA MTO

Naongezea mada moja sijaona mtu kaigusa. Mto. Sisi wenye mashamba huku juu kidogo maji ya bahari yanapanda mtoni miaka inavyokwenda, mto hauna nguvu kama zamani, maji yanatokea Kilimanjaro na Meru yanakuja yanazuiwa Nyumba ya Mungu, yanamwagilia mashamba ya watu, yanazungusha umeme Hale, yakifika kwetu yamechoka na bahari inaingia. Minazi iliyo ukingoni inakauka vichwa. Kila msimu tunauliza chumvi imefika wapi na hakuna anayejua, kila mtu anaonja kwake. Ukifanya kipindi mtu wa kila kitongoji apige aseme maji ya kwangu leo matamu au magadi, hiyo itasikilizwa na mkulima, mwenye mpunga, mpaka mwenye ng'ombe. Wala huhitaji mtaalamu, ulimi tu.

KUNGURU WA ZANZIBAR

Ok hiyo ya kuonja maji nimeikubali. Nimetulia.

MWANZISHA UZI — MTOTO WA NG'AMBO

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa kimya, wiki tatu zimepita.

Nilianza na pantoni inayotuvusha mto. Nilikwenda saa kumi na mbili asubuhi upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, nikakaa chini karibu na pale mlango unaposhuka, nikawasha rekoda nikaiweka ndani ya kofia. Nimepata mnyororo unavyolia, pikipiki zinavyogombea kutangulia, wanafunzi, kuna mama ana ndoo mbili za dagaa anamwambia kijana wa pikipiki "tairi lako hilo likigusa ndoo yangu leo utanilipa mpaka maji ya kuoshea". Tukiwa katikati ya mto injini ikapunguzwa, watu wakanyamaza wote kwa wakati mmoja kama sekunde nne tano hivi, sijui kwa nini, ukasikia maji tu. Mi nimevuka pale maisha yangu yote na sikuwahi kugundua kwamba watu hunyamaza pale.

Nikamfuata yule mama wa dagaa, nikampigia sauti yake, akacheka mpaka akakaa chini, akasema rusha, ila toa pale nilipomtaja baba yake yule kijana. Nikatoa. Jioni ile nimerusha dakika nane bila kusema neno. Msimamizi alikuja mbio akidhani mitambo imezimika.

Simu nikasogeza dakika kumi na tano za mwisho kama dada alivyosema. Siku hiyo walipiga kumi na moja, tisa wanataka kujua yule mama ni nani na wawili walimjua kwa sauti wakamsalimia. Mnadi wa samaki kagoma kurekodiwa mpaka sasa, anasema sauti yake ni kazi yake na mi nitamtajirisha nani. Bado namfuatafuata, jana kaniambia nije na soda. Msiba nina daftari na karatasi za mwenyekiti, nimesoma mitatu, yote nimepiga simu kwanza. Ya chumvi tunaanza ijumaa ijayo, nimepata watu wa vitongoji vinne. Wa matangazo ya pesa bado, mwenye duka la nyavu kasema atafikiria, afu kaniuzia uzi bila kupunguza.

Kichekesho ni maji. Nimesoma jedwali la Tanga siku sita kwa kujiamini, siku ya saba kaja mzee stesheni kwa miguu, sijui kwa nini wazee hawapigi simu, akaniuliza we mtoto wa nani, nikamtajia, akasema basi ndo maana. Akasema hizo saa zako ni za bandarini Tanga, hapa ndani ya mto maji yanachelewa, kijana wake kashusha mashua kwa saa yangu ikakaa kwenye mchanga hadi jua likamchoma. Nikamuuliza sasa hapa yanachelewa kwa muda gani, akasema inategemea, mvua ikinyesha juu mto unasukumana na bahari. Nikamwambia mzee basi njoo uwe unasema wewe. Akakataa. Kesho yake kaja na kanzu imepigwa pasi.

Sasa ni yeye ndo anafungua kipindi. Hasomi popote, anakaa anakohoa kidogo anasema "kesho" anataja saa, halafu ananiangalia nizime maiki.

NAHODHA BILA CHOMBO

Safi sana. Mwambie mzee ataje na ya Kipumbwi, huku hatuna mto mkubwa hivyo saa zake zitatutia kwenye mchanga na sisi.